Jina Langu Chini ya Kambare

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Nimetoka kumwona baba kwenye nyumba ya wazee. Leo alinichangamkia — ajabu! Wameletewa magemu ya zamani, eti mazoezi ya vidole. Na yeye kang'ang'ania lipi? Lile la uvuvi la 1989, lililotokana na katuni ya Mwalimu Hatakeda, mchoraji niliyemfanyia kazi. Katuni yake! Samaki wote nilichora mimi, msaidizi, mpaka shingo ikapinda. Yeye alichora nyuso tu.

Baba hajasahau. Akaniuliza: Si ulisema jina lako liko mwisho wa gemu? Nikimvua kambare mkuu nitaliona.

Nilisema, ndiyo. Mwalimu aliniahidi kwa kinywa chake. Lakini huko mwisho sijawahi kufika.

Jumatano, 6 Novemba

Nimeitoa kabatini kaseti yangu ya gemu lilelile. Lazima nimtangulie, nihakikishe jina limo. Baba kavua Ziwa Biwa maisha yake yote, na kazi yangu aliiita uchafu wa wino. Mchoro wa kambare huyu tu ndio aliowahi kuusifia. Ndevu za kweli hizi, alisema. Mara moja tu!

Ijumaa, 8 Novemba

Mjinga mimi! Nimezima bila kushikilia kile kitufe cha kuanzia upya. Watoto wote wa zama zile walijua: ukizima hivihivi, kaseti inasahau kila kitu. Kazi yote imekwenda na maji. Misuzu, mhudumu wa baba, kapiga simu anacheka: kila akizima, mzee anakishikilia kitufe kwa vidole viwili, na anamfokea yeyote anayesogelea waya. Amebakiza ziwa moja la gemu.

Jumapili, 10 Novemba

Nimemvua! Kambare wangu kajaa kioo kizima, na ndevu zake zote. Majina yakaanza kupanda. Hatakeda. Hatakeda tena. Muziki, fulani. Mhariri, fulani. Halafu: "Shukrani za pekee — Monji."

Monji ni mbwa wake. Mbwa! Na aliyekuwa akimpeleka kukojoa ni mimi.

Nimerudia kuangalia. Simo. Ee Mwalimu, umenila mzima mzima.

Simu. Misuzu tena:

"Bwana Kiyoharu, njoo upesi! Kambare kanasa! Mzee kasimamisha gemu, hataki kumvuta mpaka ufike. Anasema mtasoma pamoja. Kawaita wenzake wote, wamevaa miwani."

Nikamsikia baba nyuma yake: mwambie afanye haraka, kidole kinaniuma.

Nimevaa kiatu kimoja. Cha pili nimekishika, sikivai.