Kuzunguka Mlima na Wangari

Jumatano, 6 Agosti

Masweta ya shule bado. Mteja wa Kerugoya amepiga simu tena. Nimemwambia kesho, na hata mimi sijiamini.

Binti yangu Wangari chini ya meza, mgongo ukutani, kama kila jioni. Anapenda mngurumo wa mashine ya kufuma. Nikisimama anagonga mguu wa meza mpaka niendelee. Bosi wangu ana miaka tisa.

Nimetoa lebo kwenye nguo zake zote za safari. Lebo ikimgusa shingo, siku imeharibika.

Safari yenyewe ni ya Cucu, mama ya mume wangu. Alizaliwa chini ya mlima, akaolewa chini ya mlima, akamzika mzee hapo hapo, na anasema hajawahi kuuona mgongo wa huo mlima. Anataka tumzungushe kabla miguu haijakataa kabisa. Nyeri, Nanyuki, Meru, Embu, Wang'uru, Kerugoya, nyumbani. Basi dogo la kukodi, na nyuma yake gari la wifi yangu Shiru. Familia nzima inaenda.

Kama Wangari ni familia, hilo bado linajadiliwa.

Jumapili, 10 Agosti

Chai kwa Cucu baada ya kanisa. Shiru alianza kwa upole, na hiyo huwa dalili mbaya. Ati kwa nini Wangari asibaki na msichana wa kazi, asiteseke bure. Ati watoto wenye usonji hawataki safari, amesoma kwenye simu. Mimi nimeishi nao miaka tisa. Yeye amesoma kwenye simu.

Mume wangu alikuwa anachunguza chai yake.

Nikapandisha sauti mbele ya mama mkwe. Sijutii. Mwishowe tukapatana: Wangari akishindwa tukifika Nanyuki, mimi naye tunarudi, wengine waendelee na mlima wao. Nilikubali kwa kiburi. Sasa naogopa.

Jumanne, 12 Agosti

Nimemchorea basi kwenye karatasi, viti vyote. Nikampa kapu la mabaki ya nyuzi. Maneno mengi aliyo nayo ni ya rangi, kwa hivyo nikaona tuanzie hapo.

Akamchagulia kila mtu uzi wake. Cucu kijani. Mimi nyekundu. Baba yake kijivu, na sikubishana. Jioni dereva akaturuhusu kuingia basini, Wangari akafunga nyuzi kwenye viti mwenyewe, akikaza fundo kwa meno.

Hakujifungia wake. Nikamuuliza, na wewe je? Akaenda kusimama dirishani. Imeniuma kuliko nilivyofikiri.

Alhamisi, 14 Agosti. Nanyuki

Dereva alisimama mlangoni asubuhi, kidole juu, akaanza kutuhesabu. Cucu alimkemea mpaka akashusha kidole. "Wewe, mtu haihesabiwangi! Unataka kutuletea mkosi?" Mila ni mila. Watoto wa watu hawahesabiwi, wala mbuzi wa watu. Basi dereva akawa anauliza tu, tuko wote? Na basi lote linaitikia, tukooo! Cucu ndiye mwenye sauti kubwa zaidi.

Wangari anahesabu kwa njia yake. Kabla basi halijaondoka anapita akigusa kila uzi, kisha anaketi. Hakulia njia nzima. Hata pale kwenye bango la ikweta, na wale wauzaji wa shanga, na kelele. Alikataa picha. Nani asiyechoka na picha?

Halafu hoteli. Choo chao kina mashine ya kukausha mikono. Mtu akaiwasha. Wangari alianguka sakafuni, mikono masikioni, sauti yake ikafika mpaka jikoni. Nikalala naye hapo chini. Mama mmoja akanirukia na methali, ati mchelea mwana kulia hulia yeye, mchape. Nilimjibu kitu ambacho sitakiandika.

Nilipoinua macho, Shiru alikuwa mlangoni na mkoba wangu mkononi. Akaninyooshea. Ungedhani sisi ni wageni waliokaa sana.

Cucu akamsukuma kando na fimbo yake. "Huyu ni mimi. Ako na jina yangu. Akirudi, mimi pia nimerudi." Mtoto wa kwanza wa kike hupewa jina la mama wa baba, kila mtu anajua, lakini sikuwahi kusikia likisemwa hivyo. Shiru akaweka mkoba chini.

Tumebaki. Magoti yananiuma. Naona fahari, sijui hata kwa nini.

Ijumaa, 15 Agosti. Embu

Siku njema. Cucu ameuona mgongo wa mlima, karibu na Meru, mawingu yalipofunguka. Aliutazama muda mrefu. Akasema upande wetu ni mzuri zaidi.

Wangari alikula chapati mbele ya watu.

Jumamosi, 16 Agosti

Niandike upesi.

Asubuhi Cucu alisema miguu imevimba, labda baada ya Wang'uru ataingia gari la Shiru, lina nafasi ya kunyoosha. Tulipofika Wang'uru, wote tukashuka kununua mchele. Pishori, jua, wauzaji wanakuvuta mkono. Shiru alimngoja Cucu, akadhani amebadili nia, akaondoka. Sisi tukarudi basini. Dereva akauliza, tuko wote? Tukooo! Nami niliitika.

Wangari alipita akigusa nyuzi. Alipofika kwenye kiti cha Cucu akasimama.

Basi likaanza kwenda. Akapiga ukelele. "Kijani! Kijani!" Akapiga kiti kwa viganja vyote viwili. Kaka ya mume wangu akasema nimnyamazishe, wengine wanataka kulala. Nami, mama yake, ninayejua kila kilio chake, nikadhani ni jua na uchovu. Nikamkumbatia kwa nguvu nimkalishe. Akaniuma mkono. Hajawahi kuniuma.

Ndipo nikatazama alichokuwa ameshika. Uzi wa Cucu.

Nikasema Cucu yuko wapi? Wakanijibu kwa uvivu, yuko kwa Shiru. Mume wangu akampigia dada yake. Nilisikia jibu la Shiru kutoka nilipokaa: "Si mko na yeye?" Simu ya Cucu yenyewe ilikuwa ndani ya kikapu chake, chini ya miguu yetu.

Mume wangu alipaza sauti, geuza gari! Miaka yote ya ndoa sijamsikia hivyo. Tulikuwa tumefika mbali, karibu Kutus. Kurudi kote sauti ilikuwa ya Wangari tu. Kijani, kijani, polepole sasa, kama anayeimba. Hakuna aliyesema anyamazishwe.

Mama mzee, mwenye presha, jua lile, peke yake. Nilikuwa nimeshamzika mara kadhaa kabla hatujafika.

Tukamkuta ameketi juu ya gunia la mchele, mbele ya duka, ameshika kikombe cha chai aliyopewa na mwenye duka. Amefura kwa hasira. Akatutazama tukishuka mmoja mmoja.

"Kwani hamkunihesabu?"

Dereva wa watu alilazimika kuzunguka nyuma ya basi acheke huko.

Wangari hakumkimbilia. Hakumkumbatia. Alingoja mpaka Cucu akapanda na kuketi mahali pake, akagusa uzi, akaenda dirishani. Gari la Shiru, Cucu hakulitaka tena.

Jumapili, 17 Agosti

Kanisani kaka ya mume wangu amesimama kutoa ushuhuda. Wangari ametumwa na Mungu, Wangari ni malaika. Watu wakapiga makofi, naye akaziba masikio.

Nimekasirika. Alhamisi alikuwa mzigo. Na kama Cucu asingepotea, Wangari angekuwa nani leo? Labda angelia vilevile hata kama Cucu angekuwa salama garini kwa Shiru. Kwake kiti kilikuwa kitupu, basi. Mtoto wangu si king'ora.

Mimi fahari yangu ni kwamba alizunguka mlima. Na ile chapati.

Alama ya meno bado iko mkononi. Naiangalia nikifuma.

Jumapili, 24 Agosti

Mvua nyepesi. Mlima umejifunika tangu asubuhi.

Cucu alikuja kula kwetu, na Shiru akamleta. Shiru alibeba viazi na njugu mbichi, akaingia jikoni, akaosha vyombo bila kuombwa. Alipomaliza aliniambia, "Mama Wangari, ile siku ya mkoba…" Nikampa kitambaa cha kukaushia sahani. Inatosha.

Tulipokuwa jikoni mashine ilikuwa kimya, na hakuna aliyegonga mguu wa meza. Nikaenda kuangalia. Wangari alikuwa ametoa kapu la nyuzi, anazunguka meza ya chakula. Cucu kijani. Baba yake kijivu. Mimi nyekundu. Shiru akafungiwa wa bluu, naye akasimama akiushika shika kama mtu aliyepewa zawadi.

Kilibaki kiti kimoja, kati ya changu na cha Cucu. Huwa tunakiacha tu, kwa sababu Wangari hula chini ya meza ya mashine.

Alichakura kapu muda mrefu. Akatoa wa njano. Akaufunga, akakaza kwa meno, akaketi.

Nikachukua sahani, nikaanza kupakua.