Kinyozi Anapandisha Dau

Shoga, nakuandikia nimejifungia chooni kwa mtu nisiyemjua. Usicheke kwanza.

Si unamjua mume wangu Kinyozi, tangu tuhamie huku ugenini anajifanya mwenyeji? Leo asubuhi kanitoa tukapande kilima cha hapa mjini. Ngazi mia tatu! Tukafika juu ulimi nje, tukaona geti liko wazi, benchi, na mji wote chini yetu. Tukavua viatu, tukajimwaga.

Kumbe ni uani kwa mtu!! Bibi mwenye nyumba akatoka: "Mmekuja kuiona nyumba inayouzwa?"

Kinyozi, bila haya: "Ndiyo, mama."

NDIYO, MAMA! Tukatembezwa mpaka chumbani kwake, pekupeku. Kinyozi anagonga kuta kama fundi: "Jiko finyu kidogo."

Mara wanunuzi wa kweli wakabisha hodi. Nikaungama yote. Bibi akanishika mkono, akaninong'oneza: "Msiondoke, wanangu. Hawa wananibania bei tangu wiki iliyopita. Jifanyeni mnaitaka."

Ndipo nikakimbilia huku. Namsikia Kinyozi sebuleni anapandisha dau.

Kapandisha tena!

Shoga, wale wanunuzi wanasema bei hiyo imewashinda.

Mungu wangu, wanaaga.