Kwako Baba Dobi, Uliyeiacha Pasi Imesimama

Mwaka umezunguka, Baba, tangu ulipochomoa pasi, ukaisimamisha pembeni ya meza na kutoka dukani kwa mlango wa nyuma. Ulikuwa unakwenda kumgeuza kitandani jirani yetu mgonjwa, Fundi Redio. Moyo wako ulisimama pale uani, kabla hujafika mlangoni kwake. Shati la mwalimu lilibaki mezani, bega moja limenyooka, jingine limekunjamana.

Watu wanatarajia tuandike kwamba tumepoa. Hatujapoa. Ninayeandika ni mimi, binti yako. Ndugu zangu wamenikabidhi kalamu wakisema kama ni hasira, basi aandike mwenye nyingi. Mama amesema tu, "Andika, lakini usimtukane mtu." Nitajitahidi.

Wateja walikuita Baba Sasa Hivi, wengine kwa mapenzi, wengine kwa kuchoshwa nawe. Mtu akiingia na shida, pasi inachomolewa. Jirani anahitaji wa kumsaidia kupandisha kabati ghorofani, mama mjamzito anataka wa kumsindikiza kliniki, wewe huyoo, na suruali ya mtu imebaki nusu. Mteja akilalamika ulimwambia, "Hii nguo haina homa, bwana. Kaa hapo." Tulipokuonya kwamba utaliua duka, ulicheka. Ulisema Mungu alikupenda ukiwa umekunjamana vilevile, kwa hiyo huwezi kumwambia mtu asubiri mpaka umalize kola.

Mzee wa kanisa hajaisahau Jumapili ile aliyosimama mbele kusoma matangazo, mkono mmoja wa koti umenyooka, mwingine kama umetafunwa na ng'ombe. Ulikuwa umeliacha koti lake mezani ukakimbilia kumsafisha Fundi Redio, na ulipochelewa kurudi mkewe akalichukua hivyohivyo. Alikufuata dukani amefura.

"Upendo una utaratibu wake, mzee mwenzangu!"

"Ni kweli kabisa," ukamjibu. "Utaratibu wake ni sasa hivi. Lete koti."

Ukampigia pasi mkono wa pili palepale, yeye amenuna, wewe unaimba.

Kwa wasiomjua: Fundi Redio alikuwa na kibanda mkabala na duka letu mpaka kiharusi kilipomwangusha. Hana mke wala mtoto, na anaishi katika kile chumba kimoja nyuma ya duka. Hawezi kujigeuza. Akiachwa alalie upande mmoja, nyama ya mgongo inaoza angali hai. Hilo ulitufundisha wewe, Baba, kwa kulifanya kila siku mbele yetu. Ulipitisha mikono chini ya makwapa yake, ukainua uso juu na kusema kwa sauti, "Bwana, wewe shika miguu, mimi nimeshika mabega. Haya, twende!" Fundi Redio alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, kila siku, kama ndiyo mara ya kwanza kuisikia.

Udongo wa kaburi lako haujakauka, kanisa likaunda kamati ya kumtunza kwa heshima yako. Walimwambia Mama, "Nyie pumzikeni, mna msiba. Huyu sasa ni wetu." Tuliwashukuru kwa machozi. Tukafunga duka, Mama akaja kukaa kwangu, mbali kidogo na hapo.

Kamati ilikuwa na nguvu ya soda. Walishona sare. Walipiga picha na mgonjwa. Nilipokuja kufungua duka tena, harufu ilinipokea uani. Jirani yetu fundi cherehani alikuwa akimlisha na kumsafisha alivyoweza, lakini kiuno chake kibovu, kumwinua hakuweza. Mgongoni mwa Fundi Redio palikuwa na kidonda kikubwa kuliko kiganja changu. Nilimuuliza mgonjwa mwenyewe watu wa kamati wako wapi. Akajikongoja na maneno yake, taratibu:

"Wanakuja, mwanangu. Wananiombea vizuri sana, kisha wanaondoka. Baba yako alinigeuza kwanza, halafu ndiyo tukasali."

Baba, damu ilinichemka mpaka nikaona giza. Nilikwenda kuwapa vidonge vyao. Mwenyekiti wa kamati alinipokea kwa tabasamu na kuniambia wanaandaa semina ya upendo kwa vitendo. Nikamwambia vitendo vyenyewe viko nyuma ya duka letu na vinanuka. Akasema nina uchungu wa kufiwa. Ndiyo, ninao. Lakini uchungu wangu hauna uhusiano wowote na mgongo wa mtu.

Usidhani nawe umesalimika. Kifua kilikuwa kikikubana, daktari alikwambia urudi, na Mama alikubembeleza kila asubuhi. Ukamjibu, "Kesho." Hukuwahi kumwambia mtu kesho maishani mwako, ukaja kuuambia mwili wako mwenyewe. Na wewe pia ulikuwa kiumbe wa Mungu, kama Fundi Redio, kama yule mwenye kabati. Tulistahili kukaa nawe zaidi. Hilo sijakusamehe. Mama anasema nitakusamehe nikizeeka.

Wiki hii mzee wa kanisa amekuja na habari njema, kwa maneno yake. Jumapili baada ya ibada watazindua jiwe la marumaru ukutani, limeandikwa sifa zako kwa herufi za dhahabu. Alinikuta chumbani, nimemwinua Fundi Redio nusu, mgongo wangu karibu ukatike.

"Mzee, shika miguu," nikamwambia.

"Mwanangu, nimevaa suti."

"Ivue. Kuinyoosha ni kazi yangu."

Aliivua, Baba. Alishika miguu, akitweta, na tulipomgeuza akakiona kidonda, ambacho sasa kimeanza kufunga lakini bado kinatisha. Alikitazama muda mrefu. Nikasema moyoni, leo Mungu amempata. Akavaa koti lake, akajipangusa mikono na leso, akaniambia kwa upole kabisa, "Hili ni zito. Nitalipeleka kwenye kikao."

Mama amenikataza kuandika nilichomjibu.

Kwa hiyo tunawatangazia ndugu, jamaa na marafiki kwamba Jumapili, kwenye kufunua jiwe, familia haitakuwepo. Wakati huo Fundi Redio anatakiwa kugeuzwa, naye hawezi kusubiri wimbo uishe. Hatujaacha kusali wala hatujalihama kanisa. Tutakuwa nyuma ya duka, na anayetaka kumkumbuka dobi wetu atatukuta huko. Asilete shada la maua. Aje na sabuni, shuka safi na mikono miwili, kisha arudi Jumatatu. Mlango hatuufungi.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye sasa ndiye anayekunja nguo. Na wanao wawili wa kiume, wanaopokezana kumwosha na kumnyoa Fundi Redio. Na mkwe wako. Na wajukuu, ambao wakiitwa hujibu "sasa hivi" na hawaji. Na fundi cherehani, ambaye kwetu ni shangazi. Na Fundi Redio mwenyewe, aliyetuomba tuandike kwamba bado anacheka.

Unakumbukwa na mimi pia, ninayeshika mabega. Kila siku naisema sala yako kwa sauti, Baba, madirisha yakiwa wazi ili mtaa wote usikie: Bwana, wewe shika miguu. Na kila siku natazama mlangoni nione amemtuma nani.

Hatutakusahau leo, na kesho ikiitwa leo, hatutakusahau.