Javeli ya Mama na Tangi Letu

Kashikishi, Nchelenge
9 Juni 2025

Mpendwa yaya Barthélemy, kaka yangu mkubwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana, wewe, wifi Marthe na watoto wote wa Lubumbashi. Mgongo wako unaendeleaje? Sisi hatujambo. Mume wangu Dan alishikwa na malaria, lakini sasa anakula tena chakula cha watu wawili.

Kartoni ya javeli, ile dawa ya maji ya kuulia vijidudu, uliyompa mfanyabiashara wa samaki imefika. Asante. Ila soma barua hii yote kabla ya kutuma nyingine.

Unajua shimo la vyoo vya gesti yetu lilivyokuwa likifurika kila masika, uchafu ukitelemka ziwani wanakochota watu. Mkaguzi wa afya alitupa miezi miwili, la sivyo tufunge. Dan akauza injini ya mtumbwi, tukazika uani tangi linalosafisha maji kwa hewa.

Yaya, natamani ulione. Maji ya vyoo, bafu na jikoni huingia chumba cha kwanza, mazito yakatua chini. Katika chumba cha pili, pampu ndogo hupuliza hewa mchana na usiku. Humo mnaishi vijidudu ambavyo jicho halivioni, na vikipata hewa vinakula uchafu kama wageni wa harusi. Chumba cha tatu maji yanatulia, kisha yanatoka maangavu kwenda kwenye migomba. Kwa wiki tatu sikusikia harufu yoyote.

Halafu harufu ikarudi, mbaya kuliko ya shimo, na zilibaki siku kumi tu mkaguzi arudi. Fundi wetu, Mwenya, akaja na minibasi kutoka Mansa. Alifunua tangi, akanusa, akauliza nani anatumia javeli. Mama akajibu kwa fahari kwamba ni yeye, chupa nzima vyooni kila asubuhi. Unamjua. Tangu kipindupindu kimchukue dada yetu Simone katika kambi ya wakimbizi, hajawahi kulala bila chupa ya javeli chini ya kitanda.

Mwenya hakucheka. Alichuchumaa mbele yake.

"Mama, mule ndani muko bidudu bya kula buchafu. Javeli inabiua byote."

Mama akamuuliza: "Sasa mutoto wa mutu akigusa ile maji, nani atamulinda?"

Niliona machozi yananijia. Mwenya alimshika mkono hadi kwenye bomba la mwisho, akamwonyesha kikasha cha vidonge vya klorini. Dawa inahitajika, alimweleza, lakini iwekwe hapa, vijidudu vikishamaliza kula. Kisha akamkabidhi kopo la vidonge. Nimekutana na watu wengi wenye elimu, yaya, ila wachache wenye adabu kama ile.

Tuliacha javeli. Mwenya akamimina ndoo mbili za tope lenye vijidudu hai kutoka tangi la mteja mwingine, na siku ya kumi mkaguzi aliinua glasi ya maji juani, akatia saini. Gesti iko wazi.

Sasa kila asubuhi Mama anatega sikio kwenye kifuniko asikie pampu, kisha anakagua vidonge vyake. Hakuna anayeruhusiwa kuvigusa, hata Dan.

Kwa hiyo javeli basi. Mama anasema utume kitenge.

Wasalimie wifi Marthe, mwanao Hugues na mama mkwe wako. Mungu awafunike kwa mkono wake, na akulainishie huo mgongo.

Jana nilifagia chumba cha Mama. Chini ya kitanda nilikuta viatu tu.

Mdogo wako asiyechoka kukupenda,
Débora