Msoma Barabara

Same Mjini

Mama mpendwa,

Shikamoo, na upokee shikamoo nyingine ya Jumapili ile ambayo sikupiga simu. Mgongo unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia imekusaidia, au umempa Mama Koleta tena? Sisi hapa ni wazima, ila joto linatutoa roho, tunawaonea wivu ninyi wa Vudee mnaolala na mablanketi. Watoto wamefunga shule na wanakula kuliko umri wao.

Najua utashangaa kuletewa barua wakati simu unayo. Lakini mama, wewe simu unaipokea kwa spika, na Mama Koleta hakosi kuwapo hapo akichambua maharage, na haya ya leo si ya spika. Nimempa barua dereva wa Noah ya abiria inayokuja huko pamoja na sukari na sabuni. Tafadhali isome ukiwa umekaa.

Unakumbuka tulivyoondoka kwako baada ya Krismasi. Ulituona tunapunga mikono ukadhani tunaondoka kwa amani. Hatukufika mbali. Nilimwonyesha mkweo Anderson shimo, nikamwonyesha mbuzi, nikamkumbusha honi, nikamwambia kona ile ni mbaya apunguze, hadi akasimamisha gari katikati ya barabara akaniambia nichague: nishike usukani mimi, au nishuke. Nikashuka. Nikatembea na yule kuku uliyetupa kwapani, naye Anderson akinifuata nyuma polepole kama gari la msiba. Kuku alipoanza kunidonoa nikapanda, lakini nikapanda kiti cha nyuma. Tangu siku hiyo nikawa nakaa nyuma, hata tukienda kanisani.

Nilipokueleza, uliniambia nikiwa ndani ya gari la mume wangu nifumbe mdomo. Nilikutii, mama. Nikafumba hata nyumbani. Tukawa tunaombana chumvi kupitia kwa watoto. Sikukwambia wakati ule, lakini nilikuwa naogopa. Anderson alianza kuchelewa kufunga duka la vipuri hata siku zisizo na wateja, na mimi nilikuwa nikisikia gari linaingia najifanya nimelala.

Sasa, yeye na rafiki yake Eliufoo, yule fundi magari, walikuwa wamepanga siku nyingi kwenda Kenya kuangalia mbio za magari za Safari Rally kule Naivasha. Kumbe mke wa Eliufoo akashikwa na uchungu siku ya kuamkia safari. Anderson akaja jikoni, akaiambia sufuria kwamba kuna nafasi moja imebaki. Nikaijibu sufuria kwamba nitakwenda. Pasi ya kusafiria nilikuwa nayo, ile ya semina ya kwaya Mombasa.

Tukaondoka na kigari chetu cha Starlet, mimi nyuma. Pale Namanga afisa wa Kenya akatutazama, akamuuliza Anderson tangu lini anafanya teksi. Anderson akasema huyu ni mke wangu. Afisa akasema mke gani anakaa huko nyuma na begi, akaniagiza nihamie mbele kabla hajabadili mawazo kuhusu sisi wote wawili. Basi nikahamia mbele kwa amri ya serikali ya jirani.

Mbele nilikaa, lakini mdomo niliufumba. Tulipofika Nairobi nikakiona kibao cha Naivasha, kikubwa kama mlango wa godauni. Anderson akakipita. Nikanyamaza. Akazunguka, akakipita tena. Jua likaanza kushuka tukiwa tunaelekea Thika, na hapo ndipo aliposimama akaniuliza kama kibao sikukiona. Nikamjibu kwamba nimekiona mara zote mbili, lakini mimi ni abiria. Mama, alicheka. Kidogo tu, kwa pua, lakini nilisikia.

Naivasha sitaweza kuieleza nikamaliza. Watu ni wengi kuliko mkutano wa Injili, wamekaa vilimani na vyakula vyao na viti vyao. Unasubiri, unasubiri, helikopta inapita, watu wanapiga kelele, kisha gari linatokea likiwa limekaa upande upande, na kabla hujamaliza kusema mama yangu limeshapita na wewe umebaki na vumbi kwenye meno. Nilivaa ile blauzi nyeupe ya Pasaka. Ilirudi Same ikiwa rangi ya viazi.

Pembeni yangu alikuwepo dada mmoja anaitwa Njambi, anafanya kazi kwenye mashamba ya maua ya huko, na mbio hizi haachi. Nikamuuliza mbona kila gari lina watu wawili, yule wa pili anabebwa kwa kazi gani. Akaniambia, "Huyo ndiye anamsomea dereva barabara. Kona, shimo, kilima, anasema yote kabla hawajafika." Nikamuuliza kama anasema mara mojamoja. Akasema anaongea kutoka mwanzo hadi mwisho. Nikamuuliza, na dereva hakasiriki? Njambi akacheka sana. "Akasirike aje? Huyo akinyamaza, wameenda korongoni!"

Nikamwomba arudie kwa sauti, maana kulikuwa na helikopta. Akarudia. Anderson alikuwa anaitazama ile helikopta kama vile ni yeye aliyeipoteza.

Baadaye gari moja likapasuka tairi mbele yetu kabisa. Dereva na msomaji wake wakaruka nje, mmoja akashika jeki, mwingine tairi, hakuna aliyemlaumu mwenzake. Walipomaliza, yule dereva akatoa chupa ya maji akampa kwanza mwenzake, ndipo akanywa yeye. Wakaingia, na hata mikanda hawajamaliza kufunga, msomaji alikuwa ameshaanza kusema. Nikamtazama Anderson. Safari hii hakutazama juu.

Wakati wa kurudi, tulipoanza kupanda kutoka Naivasha, ukungu ukatufunika. Anderson akajikohoza, akauliza, "Kona hiyo ikoje?" Nikamwambia ni ya kushoto, kali, na kuna lori limeegeshwa. Akapunguza. Akauliza na inayofuata. Mama, nilisema mpaka sauti ikakauka.

Sasa ndiyo nakuja kwenye lenyewe, na ni afadhali ulisikie kwangu kabla picha haijafika kwenye kundi la WhatsApp la akina mama wa usharika. Jumamosi iliyopita vijana wapenda magari waliandaa mashindano madogo kwenye barabara za vumbi kule Kwakoa. Yule mtu kwenye picha aliyevaa kofia ngumu na ovaroli ya fundi, anayefanana na mchimba madini, ni mimi. Mimi na mkweo tumeshindana, gari moja, yeye usukani na mimi nikimsomea barabara.

Usishike kifua. Tulikwenda vizuri, hadi gari la mbele likatuachia vumbi zito na jua likawa usoni mwa Anderson. Mimi kwa upande wangu niliona pembe. Nikapiga kelele asimame. Hakuuliza kwa nini, mama. Hakusema "najua." Alikanyaga breki kwa miguu yote, na vumbi lilipotulia, mbele ya boneti lilikuwa limesimama kundi zima la ng'ombe, na mfugaji wao kijana akitushangaa kama wendawazimu. Anderson akazima gari. Akaniambia asante. Miaka yote hii ndani ya gari, ndiyo mara ya kwanza.

Tukasubiri ng'ombe wapite wote. Ndiyo maana tukawa wa pili kutoka mwisho, na yule wa mwisho alikuwa ameingia na gari shambani kwa watu. Na nikwambie ukweli wote: tumeshajiandikisha kwa mengine ya mwezi wa nane. Ushauri wako ulikuwa mwema, mama, lakini kwa gari letu haufai.

Wasalimie wote hapo, na Mama Koleta mwambie tu kwamba tulikwenda Kenya tukarudi salama. Mungu akutunze na mgongo wako. Anderson anakusalimu sana. Amesimama nyuma yangu anasoma kila mstari, ananiambia hapa weka nukta, pale nimekosea, sasa niandike kubwa kidogo ili uone vizuri. Nimemwambia anyamaze au aandike yeye.

Ameshika kalamu.

Mwanao akupendaye,
Rogathe