Papa, Washirika Wapya Wamefika

Papa,

Ile biro yako, ofisi ya ujasusi, imefunguliwa tena. Nyumba ni ileile karibu na stesheni, wamepaka rangi tu pale risasi zilipotoboa ukuta. Majeshi ya nchi nyingine yamekuja, yanakaa na jeshi letu kupeana habari za adui. Na adui sasa ni wale uliokuwa ukikaa nao weye.

Nakumbuka ulivyoitwa baada ya vita yetu ya kwanza. Ofisa wa zamani wa ujasusi, unauza makaa sokoni Kikula! Washindi na washirika wao, askari wa nchi jirani, walitaka mtu anayeijua mipaka. Ulirudi nyumbani unaimba. "Majirani wakiambiana ukweli," ulituambia, "nani atamupiga mwenzake?" Uliamini, Papa. Ukamleta hata yule kapiteni wa hao majirani, akala bukari na sombe kwetu, akamwita Mama dada.

Kisha serikali yetu na hao majirani wakagombana. Kapiteni alipita mlango wa nyuma, hakukaa. "Ondokeni leo," alisema, akaenda. Mama akaanza kufunga nguo. Weye ukasimama palepale katikati ya nyumba.

"Minye sikuuza inchi. Nilifanya kazi ya serikali. Nikimbie juu ya nini?"

Ukaenda kazini. Walikukamata mlangoni, vijana wetu, wale uliowafundisha kazi. Msaliti, walikuita. Hatukupewa hata mwili. Mama bado anamuuliza padri kama misa ya marehemu inafaa pasipo kaburi.

Jana wameniita minye, niwe mtafsiri mule bironi. Wageni hawa wanasema Kiingereza, na mjini wanaokijua ni wachache. Ni weye ulinifundisha. Watanipa unga kila mwezi. Nilitaka kukataa, Papa. Lakini Mama amekonda mpaka pete yake inaanguka kidoleni.

Nimekubali.

Mkubwa wao alinishika mkono, akasema nchi zetu sasa ni ndugu wa damu. Nilitabasamu. Sikuamini hata neno moja. Weye uliingia mule na tumaini, na minye... sina hata la kujidanganya.

Pumzika, Papa, popote walipokulaza. Nakuahidi kitu kimoja tu. Siku hawa nao watakapogombana, sitangoja kueleza kwamba sina kosa. Nitamshika Mama mkono, tutaenda Zambia, hata kwa miguu.

Binti yako,
Ngalula