Risiti za Pampasi

Kilburn, Jumapili, 12 Oktoba. Mwaka wa saba tangu nitoke Muheza kuja huku ughaibuni.

Mvua ya rasharasha tangu asubuhi. Mgongo unauma ila moyo uko sawa. Asha, binti yangu wa miezi miwili, amenilalia kifuani, kwa hiyo naandika kwa kidole gumba.

Mimi ni saidia fundi. Nabeba matofali, nachanganya zege, nashusha kifusi. Shule niliishia darasa la saba, lakini ritani yangu ya kodi najaza mwenyewe kila mwaka na sijawahi kuchelewa. Saiti hutukata kodi kabla hatujashika hela. Baadaye unaonyesha ulichotumia kwa kazi, buti, glavu, kofia ngumu, na kama ulikatwa zaidi unarudishiwa. Risiti zangu nazitunza kwenye kopo la biskuti.

Asha alipozaliwa nikaanza kuweka na risiti zake humo. Pampasi, kigari, beseni la kuogea. Niliamini kabisa kwamba mwenye mtoto hupunguziwa kodi.

Jana Hadija, mke wangu, alifungua lile kopo akitafuta biskuti.

"Baba Asha, hizi pampasi unavaa wewe saiti?"

Nilipomweleza, alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe kina mama wenzake wa kliniki wameshalizungumza hilo. Hapa mtoto hapunguzi kodi ya baba yake. Kilichobadilika ni kwamba Hadija ameacha kazi ya usafi, hana kipato, na sehemu ya kile kiwango cha kipato ambacho kila mtu huku hatozwi kodi anaweza kunihamishia mimi. Anayenipunguzia kodi ni yeye, siyo Asha.

Nikaanza kuzitoa risiti za Asha kwenye kopo.

Halafu akauliza ombi la posho ya mtoto limefikia wapi. Ni hela ambayo serikali huwapa wazazi, na tangu tupate ukaazi wa kudumu ni haki yetu. Nilikuwa nimejaza kila kitu kwenye simu, kwa jina langu, bado kubonyeza pa kutuma tu. Kamau, Mkenya ninayefanya naye kazi, ndiye aliyenishauri: "Weka jina lako, bwana. Wewe si ndio kichwa ya nyumba?" Na mimi nikaona sawa, kwetu baba ndiye anayeandikishwa.

Hadija hakucheka tena.

"Michango yako ya uzeeni inaendelea. Yangu imesimama. Ombi likiwa kwa jina langu, miaka hii ninayolea inahesabiwa kama nilikuwa kazini. Likiwa kwa jina lako, nitaonekana nilikuwa nimelala tu. Unataka nizeeke mikono mitupu?"

Nikatoka kwenda kununua maziwa. Nilitembea barabara kuu yote nikarudi bila maziwa. Kusema kweli, haikuwa hela iliyoniuma. Niliona kama nyumba yangu inanipunguza. Lakini nikamkumbuka Hadija akitoka na ndoo zake alfajiri, tumbo kubwa, siku ambazo mimi sikuwa na kazi. Nani alikuwa kichwa siku zile?

Nikafuta jina langu. Tukaanza upya pamoja, na aliyebonyeza ni yeye.

Kesho Kamau atanicheka. Acheke. Na mkewe pia nitamweleza haya ya michango ya uzeeni.

Leo mama yangu kapiga simu kutoka Muheza, swali ni lile lile: mtoto mmemkatia bima?

"Mama, huku ukishamwandikisha kwa daktari wa mtaa, anatibiwa."

"Bila kadi?"

"Bila kadi."

"Mh! Mnadanganywa nyie."

Simlaumu. Juzi Asha alipopata homa, muda wote tuliokaa kwa daktari mkono wangu ulikuwa kwenye pochi. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Ila huko nyumbani Asha ataingia kama mgeni, kwa pasipoti ya huku, hana haki ya kutibiwa bure, kwa hiyo bima yake ya safari nitainunua siku ile ile ya tiketi. Nimemwambia mama tunakuja Desemba saiti zikifungwa, aanze kutayarisha kitanda.

Akauliza, kama kila mara, na kurudi moja kwa moja ni lini. Safari hii nilikuwa na jibu. Siku Hadija naye atakapoanza kupokea pensheni yake. Tutakata tiketi mbili, kila mtu kwa hela yake.